Tiba ya homoni baada ya kukoma hedhi: madhara madogo, usingizi, na mengine tunayoulizwa dirishani

Haya ni maswali ambayo kina mama wa Moshi, na wengine wanaoshuka kutoka Arusha, huyarudia kila mara kwenye dirisha la famasi. Wengi husubiri kwanza foleni iishe ndipo waulize. Majibu hayachukui nafasi ya daktari wako; yanakuandaa tu ujue la kumwambia ukikaa mbele yake.

## Mambo ya msingi

Tiba ya homoni ni nini, na anapewa nani?

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Kuelekea hapo estrojeni, homoni ya kike, hupanda na kushuka ovyo, kisha inapungua moja kwa moja, na ndipo yanapoanza yale yote: mwili kuwaka joto ghafla, jasho la usiku, uke kukauka, hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu. Tiba hii inamrudishia mwanamke sehemu ya estrojeni iliyopungua, kwa kidonge, kwa plasta ya kubandika au kwa jeli ya kupaka.

Kama kizazi chako bado kipo, utapewa homoni mbili: estrojeni, na projesteroni au ya jamii yake. Hiyo ya pili inalinda ukuta wa ndani wa kizazi. Estrojeni ikitumika peke yake ukuta huo unanenepa, na baadaye unaweza kuota saratani. Kwa hiyo mama akija akasema "nipe hiki kimoja tu, kile kingine kinanichosha", usishangae tukikataa. Aliyetolewa kizazi, kwa kawaida, hutumia estrojeni pekee.

Si ni vilevile tu kama vidonge vya uzazi wa mpango?

Hapana. Homoni zinafanana kwa jina, ila vidonge vya uzazi wa mpango vina nguvu zaidi kwa sababu kazi yake ni kuzuia yai lisitoke. Tiba ya homoni haizuii mimba. Ushauri wa kawaida ni kuendelea kujikinga mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho ikiwa umeshavuka miaka 50, na miaka miwili ikiwa hujafika. Mtoto wa uzeeni si hadithi, tunawaona.

Nilisikia homoni zinaleta saratani ya matiti. Kweli?

Hofu hii ilianza mwaka 2002, pale utafiti mkubwa wa Marekani uitwao WHI uliposimamisha kabla ya wakati kundi la wanawake waliokuwa wakimeza homoni mbili kwa pamoja. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka, walionekana wagonjwa 8 zaidi wa saratani ya matiti kuliko kundi lisilotumia. Hatari ipo, haifichwi, na inaongezeka kadiri miaka ya kutumia inavyokuwa mingi.

Lakini soma na upande wa pili. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, yaani wengi walianza muda mrefu baada ya hedhi kukoma. Dawa zao zilikuwa vidonge vya aina ya zamani. Kundi lililotumia estrojeni pekee halikuonyesha ongezeko hilo. Leo madaktari wengi wanaona kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome, anayeteseka na dalili, faida kwa kawaida huzidi hatari. Ikiwa umewahi kuugua saratani ya matiti, hilo ni jambo jingine. Tazama sehemu ya mwisho.

Na zile dawa za "kusawazisha homoni" zinazouzwa mtandaoni?

Anayekuuzia hajakupima, hajui presha yako, na mara nyingi kopo lenyewe halisemi kilichomo. Ukishainunua, basi angalau nenda nayo kwa daktari pamoja na dawa nyingine zote, zikiwemo za mitishamba. Mtishamba uitwao St John's wort, kwa mfano, hupunguza nguvu ya homoni mwilini.

## Miezi mitatu ya mwanzo

Matiti yanauma, tumbo limejaa, kichefuchefu hakiishi. Niache?

Usiache wiki ya pili. Matiti kuuma, kichwa, kichefuchefu, tumbo kujaa na miguu kukaza misuli ni malalamiko ya kawaida ya mwanzo, na kwa wengi hupoa ndani ya miezi mitatu. Tunachokiona dirishani ni kwamba mama anaacha wakati mwili ndio kwanza unazoea, kisha anarudi baada ya miezi kadhaa kuanza upya, na kichefuchefu nacho kinaanza upya.

Kidonge cha estrojeni kikikuchafua moyo, kimeze pamoja na chakula, au ukihamishie usiku. Misuli ya miguu ikikaza, nyoosha vigimbi vya miguu kabla ya kulala. Kichwa kikiwa ni kile kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, mwambie daktari. Huenda akakuhamisha kutoka kidonge kwenda plasta au jeli, ambazo hazipandishi na kushusha homoni sana kwenye damu. Miezi mitatu ikipita na bado unateseka, rudi. Kuna dozi ndogo zaidi, na kuna aina nyingine za projesteroni. Kubadilishiwa ni jambo la kawaida.

Hedhi ilishakoma, mbona damu imerudi?

Inategemea unavyotumia. Anayetumia projesteroni siku 12 hadi 14 tu za kila mwezi atarajie kuona damu siku zile zinapokwisha. Anayetumia homoni zote mbili kila siku anaweza kuona matone yasiyo na mpangilio kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Ikizidi miezi sita, au ilikuwa imekatika ikaanza tena, au ni nyingi, au inatoka baada ya tendo la ndoa, hiyo inahitaji uchunguzi wa kizazi, na usisubiri siku ya kliniki. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Daktari atakuuliza hizo kwanza.

Plasta inabanduka.

Mara nyingi ni mafuta. Mtu ametoka kuoga, amejipaka losheni mwili mzima, halafu anabandika juu yake. Bandika kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta, chini ya kiuno, kwenye tako au paja, pasipobanwa na mkanda wa sketi. Ibonyeze kwa kiganja sekunde kumi hivi. Plasta inayofuata iende mahali pengine, pale pa kwanza pakapumzike. Usibandike kwenye titi kamwe.

Jeli nayo ina masharti yake: iache ikauke kabla ya kuvaa, nawa mikono, na usimpakate mjukuu kwa ngozi uliyotoka kupaka. Ina spiriti, kwa hiyo usikaribie jiko la mkaa kabla haijakauka.

Nimenenepa. Ni dawa?

Tafiti hazionyeshi kwamba tiba hii inanenepesha. Mwili unaweza kushika maji mwanzoni, na umri huu peke yake unahamishia mafuta tumboni.

Dalili zipi nisizisubiri?

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa kwenye kigimbi. Kifua kubana au pumzi kukata ghafla. Uso kupinda, mkono kulegea, maneno kuchanganyika. Kichwa kuuma kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona. Macho kuwa ya njano. Hapo ni hospitali, iwe KCMC, Mawenzi, Mount Meru au iliyo karibu nawe, si famasi.

Damu kuganda kwenye mishipa ni hatari inayokwenda zaidi na vidonge. Plasta na jeli kwa kipimo cha kawaida hazionekani kuiongeza. Ukisafiri na basi siku nzima kwenda Dar, shuka kila linaposimama, tembea, kunywa maji. Na ukipangiwa upasuaji, mwambie daktari mapema kwamba unatumia homoni.

## Usingizi

Nilianza dawa ili nilale. Mbona bado naamka saa nane usiku?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni swali: unaamka kwa sababu gani?

Ukiamka umeloa jasho, kanga imegandana na mgongo, basi bado ni joto la homoni. Dawa huanza kupunguza joto hilo ndani ya wiki chache, lakini nguvu yake yote huonekana kufikia miezi mitatu. Ukiamka kukojoa, angalia dawa ya presha: zile zinazoongeza mkojo humezwa asubuhi, na wapo wanaozimeza jioni kwa kuwa ndipo wanapokumbuka. Ukiamka mkavu, mtulivu, ukaanza kuhesabu ada za shule, hiyo ni akili iliyozoea kukesha, na homoni peke yake haitaitibu. Ukiamka kama umekabwa koo, soma swali la kukoroma.

Kwa hiyo kabla ya kuomba kuongezewa kipimo, chukua daftari la kawaida. Kwa wiki mbili andika saa uliyopanda kitandani, saa ulizoamka na sababu, saa ya kila dawa, na kikombe cha mwisho cha kahawa au chai. Daktari akiliona daftari hilo anaweza kukusaidia zaidi kwa dakika tano kuliko ukimwambia tu "silali kabisa". Mara nyingi kosa linakuwa kwenye saa ya kumeza, na dawa yenyewe haina shida.

Kipi nimeze usiku, kipi asubuhi?

Projesteroni ya asili, ile ya kapsuli, imezwe wakati wa kulala. Ini huigeuza kuwa kemikali inayotuliza ubongo, kwa hiyo inaleta usingizi. Ukiimeza asubuhi utasinzia kwenye daladala. Imezwe tumbo likiwa halina chakula, saa mbili hivi baada ya kula, kwa sababu chakula huifanya iingie kwenye damu kwa wingi na kukuletea kizunguzungu. Baadhi ya kapsuli zina mafuta ya karanga au soya. Mwenye mzio asome karatasi ya ndani au atuulize.

Dawa za jamii yake, kama medroksiprojesteroni na norethisteroni, hazina kawaida ya kuleta usingizi. Basi jirani akikusifia dawa yake ya homoni kwamba inamlaza kama mtoto, na yako haifanyi hivyo, huenda mnatumia vitu viwili tofauti. Estrojeni haina saa maalumu, mradi iwe ileile kila siku. Ukisahau kidonge, usimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Asubuhi naamka kichwa kizito kama nimelewa.

Ni hiyo kapsuli. Ihamishe: kama unalala saa nne, imeze saa mbili na nusu au saa tatu usiku, ila ukishaimeza usiendeshe gari wala usiende kufunga ng'ombe gizani. Isipobadilika, daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadili njia ya kuitumia.

Nawaka usiku kucha, kila mtu ananiambia ni malaria.

Nunua kipimajoto, ni ghali kidogo kuliko dozi moja ya dawa usiyoihitaji, lakini kitakaa miaka. Joto la homoni hupanda kifuani na usoni, hudumu kati ya dakika moja na tano, huacha jasho na pengine kibaridi, na kipimajoto hakionyeshi homa. Ukikuta nyuzi 37.5 au zaidi, kapime malaria kabla ya kumeza chochote. Tunawapata kina mama waliomeza dawa ya mseto mara kadhaa kwa mwaka bila hata kipimo kimoja kuonyesha vimelea.

Jasho la usiku lina sababu nyingine pia, na tusizisahau kwa kuwa mtu ametimiza miaka 50. Likija na kikohozi cha wiki mbili au zaidi na kupungua uzito, kapimwe kifua kikuu. Kama hujapima VVU siku nyingi, pima.

Naweza kulala bila chandarua? Ndani yake nakosa hewa.

Moshi ya chini ni joto, Januari na Februari hasa, tunajua. Lakini usikiondoe. Kipanue: kining'inize juu zaidi, toa godoro ukutani upepo upite. Vaa kanga ya pamba badala ya gauni la nailoni. Hata Juni na Julai kwenye baridi, usijifunike blanketi moja zito; panga shuka, kanga na blanketi jepesi, ili joto likija uvute moja tu bila kuamka kabisa. Maji ya kunywa yawe karibu.

Kahawa yetu na mbege, navyo niviache?

Kahawa huchukua takriban saa tano ili nusu tu ya kafeini yake iondoke mwilini. Kikombe cha saa kumi jioni bado kipo nawe saa tatu usiku. Inywe mpaka saa sita mchana, basi. Chai ya rangi nayo inahesabika.

Mbege, bia, divai: pombe inakulaza haraka na kukuamsha katikati ya usiku, na kwa baadhi ya wanawake inawasha joto. Hakuna anayekukataza kuonja kwenye shughuli ya familia. Ila kama kila Jumapili usiku hulali, chunguza Jumapili mchana ulikunywa nini.

Nimekaa macho saa nzima kitandani. Nifanyeje?

Toka kitandani. Ukiona kama dakika ishirini zimepita bila usingizi, nenda sebuleni, taa hafifu, fanya jambo lisilo na msisimko, chambua maharage ukipenda, rudi usingizi ukija. Simu ibaki chumba kingine, maana huwezi kuangalia saa tu bila kuingia kwenye magrupu. Amka saa ileile kila siku hata kama umelala vibaya, na kulala mchana kusizidi nusu saa. Haya yana ushahidi mzuri kuliko kidonge chochote cha usingizi, ingawa wiki ya kwanza ni ngumu.

Si unipe tu piritoni, au diazepamu?

Piritoni ni dawa ya mzio. Inasinzisha, ndiyo, kisha inakausha mdomo, inachanganya kichwa asubuhi, na mwili unaizoea. Diazepamu ni ya cheti cha daktari, inazoesha haraka, na mwenye miaka 55 anayeamka gizani kwenda chooni cha nje akiwa ameinywa anaanguka na kuvunjika nyonga. Tunakataa na tutaendelea kukataa.

Mzee anasema siku hizi nakoroma sana.

Msikilize. Pumzi kukatika usingizini huongezeka kwa wanawake baada ya kukoma hedhi, na wengi hudhani ni ugonjwa wa wanaume wanene. Ukikoroma kwa nguvu, ukiamka na kichwa kinachouma, ukisinzia ibadani, presha ikiwa haishuki: mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Homoni haitatosha hapo.

## Hali za pekee

Natumia ARV, au dawa za kifua kikuu, kifafa au tezi ya shingo.

Mwenye ARV za mchanganyiko wenye dolutegravir, ambao wengi nchini wanautumia sasa, hana ugomvi mkubwa na homoni. Dolutegravir yenyewe, hata hivyo, inaweza kukufukuza usingizi. Uliza kliniki kama unaweza kuimeza asubuhi. Efavirenz hupunguza homoni na huleta ndoto kali.

Rifampisini ya kifua kikuu huharakisha ini kuondoa homoni, kwa hiyo joto laweza kurudi katikati ya matibabu. Usiache dawa ya kifua kikuu kwa sababu hiyo. Karbamazepini, fenitoini na fenobabito za kifafa zinafanya vivyo hivyo. Lamotrijini ni kinyume: estrojeni ndiyo inayoipunguza, na degedege linaweza kurudi.

Anayemeza levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo akianza vidonge vya estrojeni huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi. Apimwe damu tena baada ya wiki 6 hadi 12. Plasta kwa kawaida haileti shida hiyo.

Niliwahi kuugua saratani ya matiti. Nitalalaje basi?

Homoni kwa kawaida hazitumiki kwako, wala kwa mwenye damu ya ukeni isiyojulikana sababu, mwenye ugonjwa wa ini uliochachamaa, au aliyepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni. Zipo dawa nyingine za kupunguza joto, kama venlafaksini, na gabapentini ambayo humezwa usiku na kusaidia usingizi pia. Ukitumia tamoksifeni, mwambie anayekuandikia, kwa kuwa dawa fulani za sonona zinazotumika kupunguza joto huipunguza nguvu. Ushauri wote wa usingizi hapo juu ni wako pia.

Ramadhani nifanyeje?

Estrojeni ya mara moja kwa siku iweke saa ya futari au ya daku, chagua moja ushikamane nayo. Kapsuli ya projesteroni iache mpaka futari ishuke tumboni, baada ya tarawehe.

Nafanya zamu za usiku.

Wauguzi, walinzi na wa hotelini mnauliza sana hili. Projesteroni inafuata usingizi wako mkuu, si jua. Ukilala saa mbili asubuhi, imeze kabla ya hapo. Zamu zikibadilika kila wiki, muulize daktari kuhusu dawa ya mchanganyiko isiyosinzisha.

Nitatumia mpaka lini, na nikitaka kuacha?

Hakuna tarehe moja kwa wote. Utafiti wa SWAN wa Marekani ulikuta dalili za joto zikidumu zaidi ya miaka 7.4 kwa nusu ya wanawake, na kwa wenye asili ya Afrika nusu yao zilizidi miaka 10. Mkague mara moja kwa mwaka wewe na daktari: presha, matiti, dalili. Ukiacha, joto laweza kurudi kwa muda. Wengine hupunguza taratibu ili kuacha kusiwe na kishindo. Aliyekoma kabla ya miaka 40 kwa kawaida hushauriwa kuendelea mpaka umri wa kawaida wa kukoma, kwa ajili ya mifupa na moyo.

Dawa yangu haipatikani mjini, dada ananitumia kutoka nje.

Njoo na boksi zima, si ukanda wa vidonge tu. Majina ya kibiashara hutofautiana kwa nchi, na miligramu zinaweza kuwa mara mbili ya zile ulizozoea. Tutasoma pamoja kilichomo, tarehe ya mwisho, na kama ni homoni moja au mbili. Anza kuulizia dawa inayofuata ukiwa bado na ya wiki nne, na usiiache kwenye gari juani njiani kutoka Arusha.